Mzigo wa Kariakoo: Maandalizi Yasiyo ya Silaha na Hatima ya Vita

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayetegemea msaada ulioko mbali, lakini ndani yake mna funzo kuhusu vita pia. Fimbo yaweza kuwa imara, na mwenye kuishika akawa shujaa. Maadamu haiwezi kumfikia nyoka, uimara na ushujaa huo havina faida. Baina ya fimbo na nyoka pana masafa, na masafa hayo ndiyo ambayo wasimulizi wa vita huyapuuza. Wao husimulia mizinga, majemadari na siku za mapambano. Ni nadra wasimulie ghala, chungu, dawa, reli, daftari na lugha. Ilhali katika vita vya kisasa, vinavyopiganwa na majeshi makubwa kwa muda mrefu na mbali na makwao, mambo hayo ndiyo yanayoamua iwapo fimbo itafika au haitafika.

Maandalizi yasiyo ya silaha ni yale yote ambayo jamii huyafanya nje ya kambi ya jeshi, mara nyingi wakati wa amani na kwa nia isiyohusiana kabisa na vita: kujenga barabara, kupanda chakula, kufundisha wauguzi, kuhesabu watu na kueneza lugha moja ya mawasiliano. Athari yake kwa vita ni ya namna mbili. Kwanza, huamua ni nani atakayestahimili. Pili, huamua ni nani atakayelipa gharama pale maandalizi yanapokosekana. Athari ya kwanza imeandikwa sana na wataalamu wa mikakati. Ya pili imeandikwa kwa uchache, kwa sababu wanaolipa gharama hiyo aghalabu hawaandiki vitabu.

Mfano wa karibuni unadhihirisha athari ya kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 2022, mafundi wa umeme wa Ukraine waliitenga gridi ya nchi yao na gridi ya Urusi na Belarusi kwa jaribio lililokuwa limepangwa mapema. Saa chache baadaye majeshi ya Urusi yaliivamia nchi hiyo. Gridi haikurudishwa ilikotoka. Tarehe 16 Machi iliunganishwa na ile ya bara Ulaya, mapema kuliko ilivyokusudiwa. Katika majuma hayohayo, msafara wa magari ya kijeshi ya Urusi wenye urefu wa takriban kilomita 60 ulikwama barabarani kaskazini mwa mji wa Kyiv, huku zikisikika habari za uhaba wa mafuta na chakula. Upande mmoja raia wenye bisibisi mkononi walikuwa wamejiandaa kwa miaka kadhaa. Upande wa pili jeshi lenye silaha nyingi halikujiandaa kukaa njiani.

Hata hivyo, ili kuzielewa athari zote mbili kwa pamoja hapana haja ya kwenda Ulaya. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa pia katika ardhi ya Afrika Mashariki, kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918. Vilianzia mipakani mwa Kenya na Tanzania ya leo, vikashuka hadi Rufiji na Ruvuma, vikavuka kuingia Msumbiji na hatimaye vikamalizikia Zambia. Vitabu vingi humsifu kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye aliwasumbua Waingereza na washirika wao kwa miaka minne akiwa na jeshi dogo. Sifa hizo zina ukweli wake, lakini zikitazamwa kwa makini hubainika kuwa sehemu kubwa ya ustahimilivu huo haikutoka katika kichwa cha kamanda. Ilitoka katika shughuli za kiraia zilizofanywa kabla hajakanyaga koloni hilo mwanzoni mwa 1914.

Tuanze na reli. Wajerumani walikuwa wamejenga njia mbili. Moja ilitoka Tanga, ikapitia milima ya Usambara hadi Moshi, masafa ya takriban kilomita 350. Ya pili ilitoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na reli zake zilifika ziwani mwezi wa Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita. Njia hizi zilikusudiwa kusafirisha mkonge, kahawa na bidhaa nyinginezo. Tena gavana wa koloni, Heinrich Schnee, hakutaka vita vifike huko. Alipendelea koloni libaki nje ya ugomvi wa Ulaya. Serikali yake ilikuwa ikijiandaa kwa maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1914, kusherehekea kukamilika kwa reli ya kati. Bidhaa zilizokusanywa kwa ajili ya sherehe hiyo zikageuka kuwa akiba ya vita.

Kwamba reli ya mkonge yaweza kuwa silaha kulidhihirika Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914. Waingereza walileta kutoka Bara Hindi kikosi cha takriban watu 8,000, wengi wao wakiwa hawajapata mafunzo ya kutosha na wamechoshwa na majuma kadhaa ya bahari. Mji ulilindwa na watu wapatao 1,000. Wavamizi walipokuwa wakisitasita baina ya merikebu na ufuo, treni za Usambara zilikuwa zikiteremsha askari kutoka upande wa Moshi. Tarehe 5 Novemba Waingereza waliondoka, wakiacha nyuma bunduki kwa mamia na risasi laki kadhaa. Masimulizi ya siku hiyo hupenda kuwataja nyuki waliochokozwa kwa risasi wakawashambulia wapiganaji. Nyuki walikuwako, na kisa chao chafurahisha. Lakini nyuki hawakuwaleta askari kutoka Moshi. Waliletwa na reli.

La pili ni dawa. Merikebu za Uingereza ziliifunga pwani yote, na koloni la Wajerumani likakatwa na dunia. Kwa desturi jeshi la Ulaya likinyimwa kwinini katika nchi ya malaria huwa limekwisha. Lakini tangu 1902 palikuwa na taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika Usambara ya Mashariki. Wataalamu wake walikuwa wakiichunguza miti ya kigeni ili wajue ipi yaweza kustawi na kuleta faida, mmojawapo ukiwa mti ambao gome lake hutoa kwinini. Vita vilipofunga bandari, Amani iligeuka kuwa duka la dawa. Kwinini ilitengenezwa papo hapo, na vikosi vilipokuwa porini gome lilichemshwa likanywewa hivyo hivyo, uchungu wake ukisababisha mzaha na matusi. Fauka ya hayo, koloni lilijitengenezea sabuni, mishumaa, nguo, viatu vya ngozi na hata mafuta ya magari yaliyotokana na nazi. Bustani ya wanasayansi ikawa imeurefusha umri wa jeshi kwa namna ambayo shehena nzima ya mizinga isingeweza.

La tatu, na pengine lililo karibu zaidi na wasomi wa Kiswahili, ni lugha. Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika ngazi za chini za serikali, kwa maliwali na maakida. Shule za serikali zilifundisha kwa lugha hiyo kwa herufi za Kirumi, na shule ya Tanga ilichapisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi kwa takriban mwongo mmoja kabla ya vita. Sera hiyo haikutokana na mapenzi kwa Waswahili. Ilitokana na hesabu ya gharama: ni rahisi kutawala kwa lugha moja kuliko kwa lugha mia. Lakini matunda yake ya kivita yalikuwa makubwa. Askari Mnyamwezi, Msukuma, Mmanyema na hata aliyetoka Sudani waliweza kupokea habari moja kwa maneno mamoja, na barua ya akida ikasomeka na akida mwenzake wa wilaya nyingine. Kikosi kilichotua Tanga, kwa upande wake, kilikuwa na watu wa lugha nyingi walioongozwa na maofisa ambao baadhi yao hawakuwajua watu wao. Kamusi na shule ya msingi huonekana kuwa mbali na vita, lakini amri isiyoeleweka ni sawa na bunduki isiyo na risasi.

Waingereza walikuwa na nguvu zaidi kwa kila kipimo cha silaha. Mwezi wa Februari 1916 Jan Smuts wa Afrika Kusini alikabidhiwa uongozi, akaja na maelfu ya askari, farasi, magari na ndege. Reli mpya ilikuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta ili kuifikia ile ya Usambara. Smuts alisonga kwa kasi, akitafuta kumzunguka adui, na ramani ikawa inabadilika rangi kila mwezi. Tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ilitwaliwa. Kwa macho ya wasomaji wa magazeti ya London na Cape Town, huo ulikuwa ushindi. Januari 1917 Smuts aliondoka akiamini kuwa vita vimekaribia kwisha. Vilidumu karibu miaka miwili zaidi.

Kilichotokea ni kuwa jeshi lilikimbia likaliacha nyuma tumbo lake. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu kwa makumi ya maelfu. Malaria na kuhara damu viliwalaza askari wengi kuliko risasi za Wajerumani. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilichoanza mwezi wa Februari na watu 1,135 kilikuwa na watu 116 tu wenye afya ilipofika Oktoba, bila ya kupigana vita vyovyote vikubwa. Hadi mwisho wa mwaka zaidi ya askari 12,000 wa Afrika Kusini walikuwa wamerudishwa kwao kwa sababu ya maradhi. Mapema 1917 mvua za Rufiji zilipofurika, askari walioletwa kutoka Nigeria walipunguziwa posho hadi wakawa wanatafuta mizizi porini. Hapana kamanda wa adui aliyeyafanya hayo. Yalifanywa na ghala lililokuwa mbali na daktari aliyekosa dawa.

Magari yalipozama matopeni na wanyama walipokufa, kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu. Hapa ndipo athari ya pili ya ukosefu wa maandalizi ilipojitokeza, nayo yaweza kufafanuliwa kwa hesabu nyepesi ya shuleni. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa takriban kilo 25. Ili aweze kuubeba alihitaji karibu kilo moja ya chakula kila siku. Ikiwa jeshi liko mwendo wa siku kumi kutoka ghalani, mpagazi atatumia kilo kumi akienda na kilo kumi akirudi. Katika mzigo wote alioutoa ghalani, kilo tano tu ndizo zitakazomfikia askari. Jeshi likisogea mbele siku mbili na nusu zaidi, mpagazi atakuwa amebeba chakula chake mwenyewe tu, na askari hatapata hata punje. Basi njia ya pekee ilikuwa kuongeza wapagazi, kisha wapagazi wa kuwabebea wapagazi chakula, kisha wengine wa kuwabebea hao.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowamaliza vijana wa nchi. Kutoka Kenya ya leo pekee waliandikishwa wanaume zaidi ya 150,000, na katika makoloni yote yaliyolihudumia jeshi la Uingereza katika vita hivi idadi inakadiriwa kupita milioni moja. Mnamo 1917 John Ainsworth alipewa jukumu la kusimamia uandikishaji wa jumla katika Kenya. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa, na waliokosa kujitolea walikamatwa. Wengi walitoka Nyanza, Ukambani na nchi ya Wakikuyu, sehemu za watu wengi. Wapo waliokuwa hawajawahi kuvuka mto wa mpaka wa kwao, wakajikuta Kilwa na Lindi, penye joto, malaria na maji ya chumvi.

Walipewa unga wa mahindi. Chakula hiki leo huonekana kuwa cha asili kwa kila Mkenya, lakini wakati huo wengi walikuwa wamezoea wimbi, mtama, viazi, maharagwe au ndizi. Unga wenyewe mara nyingi ulisagwa vibaya, na ulihitaji kuchemshwa kwa muda mrefu. Mpagazi aliyetembea kutwa alifika kambini jioni, mvua ikinyesha, kuni zimelowa, chungu hana au ana kimoja na wenzake wengi. Aliula unga nusu mbichi. Tumbo likaharibika, akaanza kuhara, kesho yake akabeba tena kilo 25. Mkuu wa kikosi cha wapagazi, Oscar Watkins, aliyekuwa ofisa wa utawala na mjuzi wa Kiswahili, alipigania posho bora, mablanketi na hospitali, na polepole baadhi ya hayo yakapatikana. Posho ilipobadilishwa na wapishi wakaajiriwa vifo vilipungua. Lakini marekebisho hayo yalifika wakati makaburi yalikwisha kujaa.

Kumbukumbu rasmi za Waingereza zilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria waliozichambua kumbukumbu hizo wanakadiria kuwa idadi halisi inakaribia 100,000. Aghalabu hawakuuawa kwa bunduki. Waliuawa kwa kukosa sufuria, blanketi, kuni kavu na mtu wa kuwauliza walizoea kula nini. Vitu hivi vyote vilipatikana kwa bei ndogo kuliko mzinga mmoja. Kuvinunua hakukuhitaji ujasiri wala werevu wa kijeshi. Kulihitaji mtu aliyekaa mezani mapema, akafikiri kuhusu mpagazi kama mwenye tumbo na mwili, akaandika orodha. Mtu huyo hakuwako mwaka 1914, kwa sababu serikali ya koloni haikuwahi kumtazama Mwafrika kama mtu wa kuandaliwa. Ilimtazama kama mtu wa kuchukuliwa.

Haitakuwa haki kumwachia Mwingereza lawama yote. Wajerumani, pamoja na reli na kwinini yao, hawakuwaandalia wapagazi wao lolote la maana. Majeshi ya pande zote yalikula mazao na mifugo ya raia. Huko Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, vikosi vya Wajerumani na kisha vya Waingereza vilikusanya ng'ombe na nafaka na kuwachukua wanaume, mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliikumbuka kwa jina la Mtunya, iliwaua maelfu kwa maelfu. Kwa hivyo ule ustahimilivu unaosifiwa vitabuni ulikuwa na ghala la siri: ghala la mkulima. Reli ilipopotea na Amani ilipotwaliwa mwaka 1916, jeshi la Wajerumani liliendelea kuishi kwa kuwanyang'anya waliokuwa na kidogo. Novemba 1917 lilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji likitafuta chakula na risasi za Wareno. Mwelekeo wa vita katika mwaka wa mwisho uliongozwa na mahali penye mahindi na mihogo.

Huenda msomaji akauliza: kama maandalizi ndiyo kila kitu, mbona Wajerumani waliokuwa tayari walishindwa? Swali ni zuri, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, maandalizi hayafuti tofauti ya nguvu. Huirefusha tu safari ya mwenye nguvu na kuiongezea gharama. Pili, Waingereza wenyewe walianza kushika hatamu pale walipoacha kutegemea haraka wakajiandaa. Waliongeza vikosi vya Waafrika vya King's African Rifles kutoka vitatu mwanzoni mwa vita hadi 22 vilipoisha, wakajenga hospitali za wapagazi, wakatengeneza barabara. Hata hivyo Lettow-Vorbeck hakukamatwa vitani. Alipata habari za usitishaji wa mapigano uliofanywa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, na tarehe 25 mwezi huo akasalimisha silaha huko Abercorn, ambao leo ni mji wa Mbala. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika wapatao 1,200 tu. Nyuma ya watu hao wachache palikuwa na nchi nzima iliyochoka.

Pana andalizi moja ambalo kukosekana kwake kulidumu zaidi ya njaa na maradhi: daftari. Majina ya wapagazi yaliandikwa na makarani waliokuwa na haraka na ambao mara nyingi hawakujua lugha za wanaoandikwa. Jina la baba liligeuzwa jina la mtu, jina la kijiji likawa la ukoo, na mtu mmoja akaandikwa kwa majina mawili. Waliokufa walizikwa bila alama. Vita vilipokwisha, mishahara mingi ya marehemu haikudaiwa na jamaa zao, kwa kuwa haikujulikana jamaa hao ni akina nani, na fedha hizo hazikuwafikia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kuwa waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi. Radhi hiyo ilikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye, wala haiwezi kulirudisha jina ambalo halikuandikwa.

Kwa kejeli ya historia, daftari lilipokuja lilikuja kwa kazi nyingine. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika katika Kenya ilipitishwa mwaka 1915, vita vikiendelea, na baada ya vita ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume alilazimika kuvaa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Serikali iliyoshindwa kumhesabu maiti ikafaulu kumhesabu mfanyakazi. Harry Thuku na wenzake walipoinuka mwaka 1921 kulalamikia kipande na kodi, miongoni mwa waliowaunga mkono walikuwamo watu waliojua ilivyo kubeba mzigo usio wao. Maandalizi, basi, hayana wema wala ubaya ndani yake. La kuuliza siku zote ni: yanaandaliwa kwa faida ya nani?

Ikiwa madaftari yaliwasahau wapagazi, Kiswahili hakikuwasahau kabisa. Kambi yao Dar es Salaam ilikaa mahali ambapo leo pana soko kubwa, na maneno ya Kiingereza ya kukitaja kikosi chao yakalainishwa na ndimi za watu yakawa Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Kila siku maelfu ya watu hununua nyanya, vitenge na viatu ndani ya jina hilo bila kujua kuwa wamesimama juu ya kumbukumbu ya vita. Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi limesimama sanamu la shaba la watu watatu, miongoni mwao mpagazi, nalo lina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni sanamu zuri. Lakini sanamu halina majina, na jina la soko halina maelezo.

Fasihi ya Kiswahili ina desturi ndefu ya kuvitungia vita tenzi. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alitunga juu ya kuja kwa Wadachi pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, na Shaaban Robert juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inafikia tamati vita hivi vya 1914 vikibisha hodi, askari wakiwakamata watu wakawabebee mizigo. Baina ya kazi hizo pana nafasi ya mpagazi mwenyewe: chungu chake, unga wake, wimbo wake wa njiani, barua ambayo hakuweza kuiandika. Wazee waliobeba mizigo hiyo wote wamekwisha kufariki. Waliosalia ni wajukuu na vitukuu ambao bado wana masimulizi ya nyumbani, majina ya rika yaliyotokana na vita hivyo, na vitendawili vya njaa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aliye na daftari na kinasa sauti anaweza kuyafikia hayo leo. Baada ya mwongo mmoja au miwili hataweza.

Kazi hiyo si ya kutonesha vidonda vya kale. Kila wakati serikali inapopanga bajeti, fedha za silaha huitwa za usalama, na fedha za hospitali, nafaka, barabara za vijijini na elimu huitwa za maendeleo, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Historia ya 1914 hadi 1918 inakanusha mgawanyo huo. Mti wa Amani, reli ya mkonge na gazeti la shule vilikuwa usalama. Unga uliosagwa vibaya ulikuwa hatari kubwa kuliko adui. Na pale ambapo taifa haliandai ghala, hospitali na daftari lenye majina sahihi, vita vikifika gharama haitalipwa na waliokataa kuandaa. Italipwa na kijana atakayeitwa na chifu, apewe mzigo wa kilo 25 na kibaba cha unga, aambiwe kuwa safari si ndefu.